ZEBAKI ISICHOMWE JIKONI

Ndugu wanaushirika,

Sisi wa ofisi ya tawi tumeamua kuliandika jambo hili ukutani, maana mkutanoni tulilisema likaishia kwenye kicheko. Baadhi yetu tukirudi kutoka mwaloni tunachomea dhahabu jikoni, kwenye jiko lile lile la ugali. Hata sisi tunaoandika tulifanya hivyo zamani.

Tuieleze kazi yenyewe. Dhahabu yetu ya huku Geita nyingi ni vumbi, haiokoteki kwa vidole. Ukitia zebaki kwenye karai ukakoroga, zebaki inaing'ang'ania dhahabu na kuuacha mchanga. Tunakamua kwa kitambaa, ya ziada inapita, linabaki donge jeupe. Wengi hudhani donge lile ni dhahabu yenye uchafu kidogo. Siyo! Karibu nusu yake bado ni zebaki. Ndiyo maana tunalichoma: zebaki huchemka kwenye joto la digrii 357, inakuwa hewa, dhahabu inabaki.

Sasa hiyo hewa imekwenda wapi? Haina harufu wala haiwashi macho kama moshi wa kuni, basi mtu anasema hakuna kitu. Kumbe inaingia mapafuni, inafika kwenye ubongo na figo. Mikono inatetemeka, kusahau kunaanza, majirani wanasema karogwa. Mama mjamzito akiivuta, mtoto tumboni naye anapata. Na ile tunayomwaga mtoni, vijidudu vya kwenye tope huigeuza sumu kali zaidi, ikaingia kwa samaki. Huko Minamata, Japani, mwaka 1956 waligunduliwa watu wanaougua kwa kula samaki wa bahari iliyomwagiwa zebaki na kiwanda. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, nao unataka kuchoma kwenye makazi kukomeshwe.

Wapo wanaosema tunawanyima riziki. Hatumnyimi mtu. Kipo chombo kinaitwa ritoti, chungu cha chuma kilichofungwa, chenye bomba. Hewa ya zebaki inapita bombani, inapoa, inadondoka majini, unaitumia tena. Zebaki tunainunua kwa fedha zetu, kwa nini tuivute puani? Maoni yetu ni ushirika ununue ritoti moja, ikae mbali na nyumba, na isifunguliwe kabla haijapoa.

Mkutano ni Jumamosi, saa 4 asubuhi, chini ya mwembe. Kina mama waje, maana ndio wanaoshinda jikoni.

Katibu wa Tawi