Mbele ya kufunika waya kwa pave, mutuonyeshe wapi inapita

Siku hizi hapa Ruashi pisine haiko tena kitu cha mahoteli makubwa peke yake. Sale za feti, baa, na hata parsele za watu binafsi zinachimba pisine, zinaizungushia pave, kisha zinaweka bafle za inje ili wageni wasikie muziki wakiwa pembeni ya maji. Na kwa sababu waya zikionekana zinaharibu picha, fundi anaambiwa: "Ficha yote chini."

Sipingi pisine, na sipingi muziki. Kazi hizo zinalisha mafundi wa simenti, mafundi wa umeme, wauza muchanga na vijana wa kuchimba. Lakini ninasema hivi: waya yenye inafichwa chini ya pave, karibu na maji, haiko jambo la mwenye parsele peke yake. Inagusa mutoto mwenye analipa kuingia siku ya Mungu. Inagusa kijana mwenye ataitwa mwaka ujao kuchimba mahali palepale. Kwa hiyo tuko na haki ya kuuliza waya inapita wapi, na ni nini inatukinga siku yenye itachubuka.

Tukumbuke tarehe 2 Februari 2022, kule Kinshasa. Kwenye soko la Matadi-Kibala, waya ya umeme wa nguvu kubwa ilikatika na kuanguka sokoni, mahali penye maji ya mvua yalikuwa yamejaa. Watu 26 walikufa, wengi wao wamama wauzaji. Ile ilikuwa waya ya juu, yenye nguvu mara nyingi kuliko ya nyumbani. Lakini somo ni moja: maji yanaweza kupeleka umeme mupaka kwa mutu mwenye hakushika waya yoyote. Na kwenye pisine mutu yuko na ngozi yenye maji, miguu mitupu, amesimama juu ya pave yenye maji. Ni mahali pachache nyumbani penye mwili wake unakuwa wazi kwa umeme namna hiyo.

Fundi mmoja ao mwingine atajibu: "Muandishi, waya ya bafle haina umeme wa kuua." Ni kweli nusu. Waya yenye inatoka kwenye ampli ya kawaida kwenda kwenye bafle ndogo inabeba volti kidogo kuliko prise ya ukutani. Lakini ampli kubwa ya sale ya feti inaweza kutoa makumi ya volti. Mifumo yenye inatumiwa kupeleka sauti mbali, kama kwenye makanisa makubwa na viwanja, inapanda mupaka volti 100. Na bafle zenye ampli ndani yake, zile zenye vijana wanapenda kukodisha, zinadai volti 220 palepale zinasimama. Mutu akivuta ralonje kutoka salon mupaka ukingo wa pisine ili kuwasha bafle ya namna hiyo, ameleta umeme wa SNEL karibu na maji, hata kama ameufunika vizuri.

Kanuni za kimataifa za umeme zinapima jambo hili kwa meta. Katika meta 2 za kwanza kutoka ukingo wa maji, prise za kawaida na vyombo vya volti 220 havikubaliwe. Katika meta 1 na nusu yenye inafuata, vinakubaliwa kwa masharti, na sharti kubwa ni disjonktere ya diferansieli ya miliampeya 30.

Nieleze hiyo miliampeya 30, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanadanganywa. Disjonktere ya kawaida ya ampeya 16 iko pale kulinda waya isiungue. Haikulinde wewe. Inangojea umeme upite ampeya 16, ni kusema zaidi ya mara 500 ya zile miliampeya 30. Na taa ndogo ya watt 9 peke yake inakula karibu miliampeya 40. Umeme mudogo kuliko ule wa taa hiyo, ukipita ndani ya kifua cha mutu, unaweza kusimamisha moyo wake, na disjonktere ya kawaida haitaona kitu. Ile ya diferansieli inapima umeme wenye kuenda na wenye kurudi. Ukikosekana kidogo, maana yake kuna mahali unapotelea, labda ndani ya mutu, na inakata mara moja.

Hapa kwetu kuna jambo lingine: umeme wa SNEL unaenda na kurudi, na feti haingoje. Grupe inawashwa. Basi disjonktere hiyo iwekwe kisha inverseri, ili umeme wa SNEL na ule wa grupe yote ipite ndani yake. Na fundi ahakikishe waya ya udongo iko, na nyutre ya grupe imefungwa kwenye udongo. Bila hiyo, usiku wenye munatumia grupe, disjonktere inaweza kunyamaza wakati munaihitaji. Iko na kibutoni kidogo chenye herufi T. Kukibonyeza mara moja kwa mwezi hakulipiwi hata franka moja. Kisipokata, usifungue mulango kwa wageni.

Sasa tuje kwenye shimo lenyewe. Kazi nzuri inafanyika mbele ya pave, haifanyike kisha. Ampli inabaki ndani ya nyumba, mahali pakavu, na kinachotoka inje ni waya ya bafle tu. Waya hiyo inapita ndani ya tiyo, kwa sababu udongo wetu wa Katanga unajaa muchwa na panya, na kila mutu mwenye ameona vichuguu vyetu anajua kama muchwa hawaheshimu bei ya kitu. Waya ya umeme wa volti 220, kama iko, inapata tiyo yake peke yake, nyekundu, kwa urefu wa sentimeta 60 kwenda chini, na juu yake wavu mwekundu wa kuonya wenye kuchimba. Zisichanganywe katika tiyo moja: ni hatari, na tena bafle zitaanza kunguruma. Kusiwe kiungo chochote cha waya chini ya udongo. Viungo vyote viwe ndani ya masanduku yenye kufungwa vizuri, mahali penye mutu anaweza kufikia. Na muache tiyo moja ya akiba, yenye kamba ndani, ili siku ya kuongeza waya musivunje pave.

Kisha, mbele ya maso kumwanga muchanga, mupige picha. Muweke ruban ya kupimia ndani ya shimo ili urefu uonekane. Muchore karatasi moja: kutoka ukuta huu meta ngapi, kutoka ukingo wa maji meta ngapi. Fundi anaweza kuhama, mwenye parsele anaweza kuuzisha, na pave hazisemi kitu.

Hapo ninafikiri juu ya vijana wenye wanachimba. Wengi wenu munatusikiliza. Mulitoka Pweto ao Mitwaba miaka ya nyuma, wengine mulifika kisha Goma na Bukavu kuanguka mwanzoni mwa 2025. Mukifika muji mugeni, kazi ya kwanza mara nyingi ni ya sururu na chepe, malipo ya siku. Munaambiwa "chimba hapa," na njaa haiachi mutu aulize maulizo mengi. Ninawaomba muulize moja tu, kwa heshima: "Baba, chini hapa kuna nini, na umeme umezimwa?" Patro mwenye anakasirikia ulizo hilo hajui jibu, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kutopiga sururu. Wenye parsele nao wajue: mutu mwenye anachimba kwako kwa siku moja ni mutoto wa mutu, na karatasi ile yenye michoro ndiyo ngao yake.

Ninajua wasikilizaji watasema: tukiomba komini idai karatasi hiyo, tutakuwa tumefungua mulango mwingine wa matabishi. Mashaka hayo yana haki. Kwa hiyo pendekezo langu ni lingine. Mahali pote penye watu wanalipa kuingia, karatasi itundikwe ukutani, karibu na mulango: mchoro wa waya, jina la fundi, na tarehe ya mwisho ya kubonyeza kile kibutoni. Wazazi wenyewe wataisoma. Haihitaji muhuri. Na pahali pasipo na karatasi, mupeleke watoto pengine.

Mchoro huo una faida nyingine, na hiyo ni kwa majirani. Inje, kila mara unapozidisha umbali mara mbili, sauti inashuka karibu desibeli 6. Mwenye sale akiweka bafle mbili kubwa upande mmoja, mutu wa meta 2 anapata desibeli 18 zaidi ya mutu wa meta 16. Wa karibu anaziba masikio, wa mbali anasema "ongeza," na wanaongeza. Pave zikisha kumwangwa, bafle hazihamishwi tena. Lakini akipanga mbele ya wakati bafle ndogo 6 ao 8 kuzunguka pisine, zenye kutazama ndani, kila moja inasema polepole, wageni wote wanasikia, na ukuta wa jirani unapumzika.

Na jirani huyo anaweza kuwa familia yenye inalala watu nane katika chumba kimoja cha kukopeshwa. Shirika la Afya Duniani linasema usingizi muzuri unahitaji chumba kisichopita desibeli 30. Mutoto mwenye alisikia bomu Sake ao Goma, ngoma nzito ya bafle saa saba za usiku haimufanyi kucheza. Inamuamsha akitafuta mahali pa kujificha. Mwenye sale hana nia mbaya kwake. Lakini mahali pa kuelekeza bafle yeye ndiye anachagua, tena anachagua wakati shimo lingali wazi.

Mwenye kujenga pisine amesha kulipa simenti, pave, pompe na maji. Disjonktere ya miliampeya 30, tiyo na karatasi moja ni kipande kidogo cha bei hiyo. Tusikubali atuambie kama pesa ziliisha hapo.