Waziri alisema nje, tumevua hadi ndani ya matatu

Ijumaa ya Machi 11, 2022, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kwamba si lazima tena kuvaa barakoa katika maeneo ya wazi. Katika tangazo hilo hilo aliwahimiza Wakenya waendelee kuivaa wanapokuwa ndani, na waachiane nafasi ya angalau mita moja. Makanisa na misikiti iliruhusiwa kujaza waumini, kwa sharti kwamba wawe wamechanjwa kikamilifu. Maneno yalikuwa wazi kabisa. Nchi ikayapokea nusu. Sehemu ya kuvua ilienea kote kabla ya jua kuchwa, na sehemu iliyohusu ndani haikupata hata wa kuirudia. Tangu hapo abiria wanabanana katika matatu nyuso wazi, foleni za supamaketi ni hivyo hivyo, na ibada za Jumapili zimeendeshwa kana kwamba hakuna aliyesikia neno chanjo.

Gazeti hili, likiandika Machi hiyo ya 2022, lina hofu, na tunaisema mapema ili isije ikasemwa baadaye kwamba hakuna aliyeonya.

Furaha ya wananchi tunaielewa. Machi 2022 ilitimia miaka miwili kamili tangu Machi 13, 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini. Ndani ya miaka hiyo watu wamepoteza kazi, watoto wamekaa nyumbani miezi mingi bila shule, na jamaa wamezikwa harakaharaka huku ndugu wakitazama kwa mbali. Anayevua barakoa leo haoni kwamba anavua kitambaa tu. Anaona anavua miaka miwili ya mateso, na hakuna mwenye haki ya kumkemea kwa hisia hiyo.

Lakini ni lazima tuulize kwa nini imevuliwa yote kwa mara moja. Jibu liko katika namna tulivyovishwa. Aprili 2020, kanuni zilipochapishwa, mtu aliyekutwa bila barakoa hadharani alikabiliwa na faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Aliyekuja kusimamia kanuni hizo mtaani hakuwa mhudumu wa afya wa jamii mwenye muda wa kueleza. Alikuwa polisi mwenye rungu. Mathare bado inamkumbuka mtoto wa miaka 13 aliyepigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Machi 2020, polisi wakitekeleza kafyu. Kianjokoma, kaunti ya Embu, haijasahau ndugu wawili waliofia mikononi mwa polisi Agosti 2021 baada ya kukamatwa kwa madai ya kukiuka kafyu hiyo hiyo. Katika hali hiyo Mkenya alijifunza kuning'iniza barakoa kidevuni na kuipandisha puani anapoona kizuizi cha barabarani. Makanga aliwatangazia abiria wavae kwa sababu mbele kuna polisi, na kizuizi kilipopitwa barakoa zilishuka. Tulichojifunza kuogopa ni kukamatwa. Kirusi hatukufundishwa kukiogopa.

Ndiyo maana amri ilipoondolewa, kila kitu kiliondoka nayo. Nusu ya kwanza ya tangazo la Waziri ilikuwa kuondolewa kwa adhabu, nusu ya pili ilikuwa ushauri, na katika nchi ambayo afya ya umma imehubiriwa kwa pingu, ushauri usio na pingu hausikiki. Wizara ya Afya ilipaswa kulijua hilo kabla ya kusimama mbele ya kamera, na kuandaa wahudumu wa afya wa jamii, viongozi wa dini, walimu na vyama vya matatu ili siku ya tangazo wawe tayari kulifafanua. Haikufanya hivyo.

Hatupingi uamuzi wenyewe. Kuruhusu watu watembee nje bila barakoa ni uamuzi unaokubaliana na sayansi. Kirusi hiki husafiri kwa pumzi, katika matone na chembechembe ndogo mno ambazo mtu huzitoa anapozungumza, anapoimba, anapokohoa. Nje, upepo huzitawanya. Ndani, hewa isipozunguka, chembe hizo huelea na kurundikana kwa muda mrefu. Na Machi ndio mwezi ambao mvua za masika huanza kunyesha. Yeyote apandaye matatu anajua kinachotokea tone la kwanza linapoanguka: madirisha yote yanafungwa. Abiria 14 wanakaa saa nzima katika msongamano wa Thika Road au Barabara ya Mombasa wakivuta hewa ile ile, huku kondakta akipaza sauti kudai nauli. Ukitafuta mahali pa kuvalia barakoa katika nchi hii, utaanzia hapo. Sisi tumeanza kuvulia hapo hapo.

Wengine watasema takwimu ni nzuri. Ni kweli. Katika wiki zilizotangulia tangazo, kati ya kila sampuli 100 zilizopimwa, ni moja hivi tu iliyokutwa na virusi. Wodi za korona zimekuwa tupu. Tunawaomba wanaotegemea takwimu hizo wakumbuke Desemba 2021. Mwanzoni mwa mwezi ule kiwango cha maambukizi kilikuwa chini kama sasa, na watu walikuwa wakipanga safari za Krismasi kwa raha. Kisha aina mpya ya kirusi, Omicron, ikaingia. Kufikia sikukuu zenyewe, zaidi ya sampuli 30 kati ya 100 zilikuwa na virusi. Wiki tatu zilitosha! Kilichotuokoa ni kwamba aina ile ya kirusi haikuua kwa kasi ya Delta, aina iliyoitangulia; tahadhari zetu hazikuchangia sana. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alionya Januari 2022 kwamba ni hatari kudhani Omicron itakuwa ya mwisho. Itakayofuata inaweza kuwa pole zaidi au kali zaidi, na hakuna daktari awezaye kuahidi lolote.

Tutazame pia waliotangulia kuvua. Israel, nchi iliyokuwa mstari wa mbele duniani kwa chanjo, iliondoa amri ya barakoa ndani ya majengo Juni 15, 2021. Ilirudishwa Juni 25, siku kumi baadaye, kwa sababu Delta ilikuwa imeshika kasi. Nchini Marekani, idara ya kudhibiti magonjwa ya CDC ilitangaza Mei 13, 2021 kwamba waliochanjwa kikamilifu wanaweza kuvua hata ndani. Waliochanjwa wakavua, wasiochanjwa wakavua pamoja nao, na hakuna aliyeweza kuwatofautisha mlangoni mwa duka. Julai 27 idara hiyo hiyo ilirudi kuwaomba watu wavae tena ndani katika maeneo yenye maambukizi mengi. Wengi hawakusikia. Kuvisha watu mara ya pili ni kazi ngumu kuliko mara ya kwanza, na nchi hizo zilikuwa na chanjo za kumwaga.

Sisi je? Denmark ilipoondoa masharti yake Februari 1, 2022, zaidi ya watu 8 kati ya 10 walikuwa wamekamilisha dozi mbili. Nchini Kenya, wakati Waziri akitoa tangazo, waliochanjwa kikamilifu hawakufika theluthi moja ya watu wazima. Serikali ililenga kuchanja watu wazima milioni 27 kufikia mwisho wa mwaka 2022, na kwa mwendo huo lengo hilo lilikuwa mbali. Nyeri na Nairobi zilijitahidi, lakini kaunti kadhaa za kaskazini na za wafugaji zilikuwa nyuma mno. Na Machi hiyo hiyo dunia ilitazama yaliyoipata Hong Kong. Kule watu hawakuwa wamevua barakoa, ila wazee wengi wa zaidi ya miaka 80 hawakuwa wamechanjwa, na vyumba vya maiti vikajaa. Tukiongeza upungufu wetu wa chanjo juu ya matatu zenye nyuso tupu, tutakuwa tumevuliwa kinga zote mbili kwa mpigo.

Watakaolipa gharama hawatakuwa vijana wanaoshangilia mitandaoni. Atalipa nyanya mwenye kisukari anayeletewa virusi na mjukuu kutoka shuleni. Atalipa mgonjwa wa saratani anayepanda basi kwenda kliniki, na mwenye Ukimwi ambaye hajaanza dawa. Atalipa pia mhudumu wa afya. Desemba 2020 nchi ilimlilia daktari wa miaka 28 aliyefariki baada ya kuwahudumia wagonjwa wa korona kwa miezi kadhaa bila kulipwa mshahara na bila bima. Zaidi ya watu 5,600 walikuwa wamehesabiwa kufa kwa korona nchini hadi Machi 2022, na hao ni wale waliopimwa. Waliofia vijijini bila kipimo Mungu ndiye anawajua.

Kwa hiyo dhihaka zinazoanza kusikika zinatuumiza. Mtu anayebaki na barakoa ofisini anaulizwa kama ni mgonjwa. Muuguzi anayemwomba mgeni ajifunike anajibiwa kwamba Kagwe alishamaliza mambo hayo. Wahenga walisema usitukane mkunga na uzazi ungalipo. Mwenye kuvaa anaweza kuwa ana mgonjwa nyumbani, au figo zake ndizo mbovu, au ameamua tu kujilinda; hadai kibali cha mtu. Waajiri wasikubali mfanyakazi asumbuliwe kwa hilo, na hospitali yoyote, ya umma au ya binafsi, inayo haki ya kumzuia mlangoni mgeni anayekataa kujifunika. Machi 2022 barakoa iliuzwa shilingi 10 barabarani. Si kama mwanzoni, ilipokuwa bei ya chakula cha mchana.

Limebaki suala la wanasiasa, nalo ndilo linalotutia hofu kuliko yote. Tangu korona iingie, hawajawahi kufuata kanuni walizowawekea wananchi. Mikutano ya hadhara iliendelea baada ya kupigwa marufuku, wabunge wakiwa juu ya magari na maelfu wakisukumana chini. Juni 1, 2021 sherehe za Madaraka zilifanyika Kisumu wakati Delta ilikuwa tayari imeingia eneo hilo, na kabla ya mwezi huo kwisha kaunti 13 za ukanda wa Ziwa Victoria na magharibi zilikuwa chini ya kafyu ya kuanzia saa moja jioni. Hospitali za huko zilikuwa zikitafuta oksijeni. Mfanyabiashara wa samaki ndiye aliyefunga duka mapema. Waliohudhuria sherehe walikuwa wamesharudi makwao.

Sasa uchaguzi mkuu umepangwa Agosti 9, 2022. Mchujo wa vyama utafanyika Aprili, kampeni rasmi zitaanza mwishoni mwa Mei, na huko kote kuna kumbi zilizojaa, vikao vya wajumbe hotelini na mabasi ya kukodi yanayobeba wafuasi usiku kucha. Mikutano ya uwanjani haitusumbui sana. Zinazotusumbua ni kumbi na mabasi, ambayo kwa maneno ya Waziri mwenyewe ni ndani.

Tunaitaka Wizara irudi kwa wananchi wiki hii na kusema upya, kwa Kiswahili na kwa lugha za mashinani redioni, kwamba barakoa bado inahitajika katika matatu, hospitalini na katika chumba chochote kilichofungwa. Vyama vya wenye matatu viwaagize madereva waache madirisha mawili wazi hata mvua ikinyesha. Chanjo zipelekwe stendi, sokoni na makanisani badala ya kusubiri watu wazifuate hospitali. Polisi wakae mbali na kazi hii yote. Na lililo muhimu zaidi, Wizara itangaze sasa, kabla ya mchujo, ni kiwango gani cha maambukizi kitakachorudisha sharti la barakoa ndani ya majengo. Kikishatajwa na kujulikana na kila mtu, hakuna mgombea atakayeweza kudai kwamba kimetungwa ili kuzima mkutano wake, na siku kikifikiwa kitamfunga yeye katika ukumbi wa hoteli sawasawa na kitakavyomfunga abiria wa Thika Road.