Ujana Hauuzwi Chupani



Mzee mmoja wa mtaa wetu, Mkristo wa siku nyingi, aliuza mbuzi wawili akanunua chupa ya mafuta na vidonge vilivyotoka Bara Hindi. Mchuuzi alimwambia ya kuwa akijisinga siku arobaini, na kumeza vidonge vile kila asubuhi, mifupa yake itarudi kuwa ya kijana. Nalimwona kanisani, mwili unameta. Lakini ngazi aliipanda kwa fimbo yake ile ile. Ndiyo sababu nashika kalamu.

Kwanza niwatendee haki Wahindi, maana wako ndugu zetu wasemao kwamba kila mafuta ya waganga wao ni ushetani. Maneno hayo siyakubali. Elimu yao, iitwayo Ayurveda, ni ya kale sana, nayo ina vitabu vyake, kama kile cha Charaka na kile cha Sushruta. Huko Kerala, kusini ya India, uko mwezi wa mvua uitwao Karkidakam, kati ya Julai na Agosti. Katika mwezi huo watu hunywa uji wa dawa na kuchuliwa mwili kwa mafuta ya vuguvugu. Mara nyingi ni uto wa ufuta uliopikwa pamoja na mizizi na majani. Pengine mgonjwa hulazwa chali, mafuta yakatiririka kipajini pake kama uzi, muda mrefu, hata akasinzia. Mtu aliyechoka hupata raha, wala si ajabu. Je, mama zetu hawamkandi mwanamke aliyejifungua? Na yule Msamaria alipotia mafuta katika jeraha, nani alimwita mshirikina?

Ugomvi wangu si na mafuta, ni na hilo neno ujana. Tawi moja la elimu hiyo huitwa Rasayana, ndilo la kuwatia nguvu wazee. Mwaka 1938 Pandit Madan Mohan Malaviya, mmoja wa waanzilishi wa Chuo Kikuu cha Banaras, mtu wa heshima katika India yote, alijifungia kibandani apate kufanyiwa Kayakalpa, yaani kuugeuza mwili uwe mpya. Umri wake ulikuwa miaka 76, na habari zake zilienea kila mahali. Mwaka uliofuata uongozi wa chuo ulishikwa na Radhakrishnan. Na mwaka 1946 Malaviya akafariki, mwenye miaka 84. Ni umri mwema, lakini wako wazee wa kwetu walioufikia wasijue hata jina la Kayakalpa. Ikiwa mtu mkubwa namna ile, mwenye waganga wake karibu, hakurudishiwa ujana, mchuuzi wa barabarani ataurudishaje kwa mbuzi wawili?

Tena kitabu chenyewe cha Charaka chamsuta. Humo imeandikwa kwamba mtu asemaye kweli, asiye na hasira, ajizuiaye na ulevi, awaheshimuye wazee na walimu, huyo naye amekwisha kupata Rasayana. Dawa hiyo haina bei. Basi haitiwi chupani, wala wauzaji hawaitaji kamwe.

Vidonge ndivyo vinitiavyo hofu. Mwaka 2004 mabingwa wa Marekani walitangaza ya kuwa walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Nyingine hutiwa madini kwa kusudi, maana waganga hao wafundisha kwamba zebaki ikisafishwa kwa njia zao huwa dawa. Lakini risasi haijui desturi ya mtu: huharibu figo na ubongo, na mtoto ndiye aumiaye upesi. Katika nyumba zetu, ni mtoto gani asiyeonja kilichomo kikombeni mwa babu yake?

Wenzangu walimu, mnaonyamaza kwa kuogopa kuitwa wajuaji, mwanyamazia nini? Mchuuzi yule hunena sokoni mchana, mbele ya watu wote.

Mzee wetu sasa ataka kuuza mbuzi wa tatu. Nimemwomba angoje, kwanza twende pamoja hospitali, na vidonge vyake mkononi, apimwe damu. Amekubali kwenda, vidonge amekataa kunipa.

Mimi Mwalimu wenu.