Vyeo vya wana wetu si malipo ya kura zetu

Anayeandika maneno haya si mpinzani wa serikali kwa asili wala kwa hasira. Alfajiri ya tarehe 9 Agosti 2022 niliamka na mapema, nikapanga foleni katika shule ya msingi iliyo jirani na kwetu hapa Embu, na ilipofika zamu yangu nikampigia kura Dkt. William Ruto. Sikuhongwa wala kushurutishwa. Nilikuwa nimewasihi jamaa na majirani wafanye vivyo hivyo, na wengi wao walinisikia. Kwa hiyo nitakayoyasema yasichukuliwe kuwa chuki ya mtu aliyeshindwa. Haya ni manung'uniko ya mtu aliyeshinda, ambayo aghalabu huwa machungu zaidi.

Yafaa tukumbuke uzito wa kura hizo. Tume ya uchaguzi ilimtangaza Dkt. Ruto mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za marehemu Raila Odinga. Tofauti ilikuwa kura 233,211 pekee. Kura alizopata katika kaunti ya Meru peke yake zilizidi tofauti hiyo, kabla hata hujahesabu za Embu na za Tharaka-Nithi. Ni dhahiri, basi, kwamba watu wa upande huu wa mashariki ya Mlima Kenya hawakuwa wasindikizaji katika safari ile. Bila wao asingefika Ikulu.

Rais aliapishwa tarehe 13 Septemba 2022, na mwezi Machi 2025 akatimiza nusu ya muhula wake wa miaka mitano. Hicho ndicho kipindi ninachotaka kukipima hapa, kwa mizani ya yule aliyemchagua.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yapo mema ambayo hatuna budi kuyakiri. Bei ya mfuko wa mbolea ya ruzuku ilishuka hadi shilingi 2,500, na mkulima aliyekuwa akinunua mfuko huo huo kwa zaidi ya shilingi 6,000 hawezi kusema kwamba hakuona tofauti. Mfumko wa bei, uliokuwa umekaribia asilimia 10 mwishoni mwa mwaka 2022, ulikuwa umeteremka hadi takriban asilimia 3 mwishoni mwa 2024. Shilingi yetu, iliyokuwa imedhoofika hadi 160 kwa dola moja mapema mwaka 2024, ilirudi hadi karibu 129. Na gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka mwezi Mei 2024, Rais aliwaita viongozi wa Embu, akatangaza kwamba marufuku hiyo haina nguvu mbele ya sheria ya taifa. Mkulima wa Mbeere, ambaye karo ya wanawe hutoka katika majani hayo, hakusahau jambo hilo.

Lakini mambo haya, japo ni mema, hayatoshi kufunika mengine. Tuliahidiwa uchumi unaoanzia chini, kwa mama mboga na kwa msukuma mkokoteni. Kilichoanzia chini kwa hakika kilikuwa ushuru. Mwaka 2023 ushuru wa VAT kwa mafuta uliongezwa maradufu, kutoka asilimia 8 hadi 16, na kila mtu anayepanda matatu kutoka Runyenjes kwenda Embu mjini, au kutoka Maua kwenda Meru mjini, akaubeba mzigo huo. Wafanyakazi wakaanza kukatwa asilimia 1.5 ya mishahara kwa ajili ya nyumba ambazo wengi wao hawatarajii kuzimiliki. Oktoba 2024 bima ya NHIF ikaondolewa, ikaletwa SHA na makato ya asilimia 2.75. Mkulima asiye na mshahara aliambiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, kana kwamba majani chai na kahawa hulipwa kila siku asubuhi. Je, huyu siye yule hasla aliyeimbwa katika kampeni?

Vijana waliposimama kuupinga Mswada wa Fedha wa 2024, hawakuwa wageni kutoka nchi nyingine. Walikuwa watoto wa wale wale waliopiga foleni Agosti 2022. Mswada ulipitishwa bungeni tarehe 25 Juni, risasi zikafyatuliwa, damu ikamwagika, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Ikiwa mswada ungeweza kuachwa Jumatano, kwa nini watu walikufa Jumanne? Swali hilo halijapata jibu la kuridhisha, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu zaidi ya watu 50 waliopoteza maisha katika maandamano ya mwaka huo.

Kila tunapouliza maswali kama hayo, jibu tunalopewa ni moja: tazameni vyeo mlivyopewa. Haya, na tuvitazame.

Cheo cha kwanza kilikwenda Meru. Bw. Mithika Linturi, aliyekuwa seneta wa kaunti hiyo, alipewa Wizara ya Kilimo. Chini ya wizara hiyo, mapema mwaka 2024, wakulima waligundua kwamba baadhi ya mifuko waliyouziwa kwa jina la mbolea ya ruzuku haikuwa mbolea. Wabunge walipiga kura ya kuanzisha hatua za kumwondoa waziri. Kamati yao ikasema mashtaka dhidi yake hayakuthibitishwa. Na mwezi Julai akaondoka pamoja na takriban baraza zima la mawaziri. Sitamhukumu mtu ambaye kamati haikumtia hatiani. Nasema tu kwamba kuwa na mwana wa Meru katika kiti cha Kilimo hakukumkinga mkulima wa Meru asipande mahindi yake juu ya udongo mtupu.

Cheo cha pili kilikuja Embu. Bw. Justin Muturi, aliyekuwa Spika wa Bunge la Taifa, aliteuliwa kuwa Mwanasheria Mkuu. Juni 2024, akiwa bado katika wadhifa huo, mwanawe alitekwa jijini Nairobi na watu wenye silaha. Kwa mujibu wa maelezo aliyoyatoa Bw. Muturi mwenyewe hadharani Januari 2025, alihangaika huku na huko asipate msaada, hadi alipokwenda Ikulu, Rais akampigia simu mkuu wa ujasusi, na kijana akaachiliwa.

Ndugu msomaji, tafakari jambo hilo kwa makini. Mshauri mkuu wa serikali katika mambo ya sheria hakuokolewa na sheria. Aliokolewa na simu. Sasa yule mzazi wa kijijini, ambaye hajawahi kuliona lango la Ikulu, atapigiwa simu na nani? Desemba 2024 kijana mmoja wa hapa hapa Embu alichukuliwa na watu wasiojulikana, na wenzake wakajaa katika barabara za mji wakidai arudishwe. Sikukuu ya Krismasi ikapita nyumba ya wazazi wake ikiwa katika simanzi, na hakuonekana hadi Januari 6. Kufikia wakati huo, tume niliyokwisha kuitaja ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu kutekwa tangu Juni. Rais mwenyewe, akiwa Homa Bay siku mbili baada ya Krismasi, aliahidi kwamba utekaji utakomeshwa. Ahadi hiyo twaipokea. Lakini mtu huahidi kukomesha jambo ambalo anajua kwamba lipo.

Na Bw. Muturi alipoendelea kuuliza hadharani, wakati huo akiwa Waziri wa Utumishi wa Umma, alifutwa kazi mwezi Machi 2025. Cheo cha Embu kilikuwa na thamani mradi mwenye cheo alikuwa kimya.

Cheo cha tatu ndicho kikubwa kuliko vyote. Bw. Rigathi Gachagua alipoondolewa na Seneti Oktoba 2024, Profesa Kithure Kindiki wa Tharaka-Nithi aliapishwa kuwa Naibu wa Rais tarehe 1 Novemba. Vijiji vyetu vilishangilia, nami sikuona ubaya wa kushangilia. Ni msomi na ni mtu wa kwetu. Lakini heshima hiyo isitufanye tusahau kwamba ndiye aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani Juni 2024. Kama kuna mtu anayepaswa kutueleza kilichowapata vijana wale, ni yeye. Ujamaa haufuti swali hilo. Bali unalizidisha, kwa maana mtu wa nyumbani ndiye wa kwanza kuulizwa na watu wa nyumbani.

Wapo wanaotuambia tutulie. Wanasema zamu yetu inakuja mwaka 2032, na kwamba anayelalamika anaiharibia jamii yake bahati. Hoja hii ina mvuto, maana ni kweli kwamba upande huu wa mlima umekaa muda mrefu ukiwa mkia wa ndugu zetu wa magharibi. Hata hivyo, mtu hali leo kwa chakula cha mwaka 2032. Mkulima wa miraa kule Nyambene, ambaye soko lake la Uingereza lilifungwa mwaka 2014, hawezi kumpelekea mwalimu mkuu ahadi ya urais badala ya karo. Na mama aliyempoteza mwanawe Juni 2024 hatafarijika kwa kuambiwa kwamba siku moja rais atazungumza lugha yake.

Bw. Gachagua naye, alipokuwa mamlakani, alipenda kuilinganisha serikali na kampuni yenye hisa, waliopiga kura wakiwa wenye hisa nyingi. Tulipiga makofi. Makosa ni yetu pia. Anayepiga kura kama mwenye hisa hana budi kukubali kulipwa kwa gawio la vyeo, na gawio hilo huliwa na wachache. Haki haigawanywi namna hiyo. Na tulimpa Rais kura zetu zote kwa fungu moja, bila sharti wala masikilizano, hata akaamini kwamba tumo mfukoni.

Dalili zipo kwamba mazoea hayo yameanza kukatika. Katika uchaguzi mdogo wa Mbeere Kaskazini wa tarehe 27 Novemba 2025, mgombea wa chama cha Rais alishinda, lakini kwa tofauti isiyofika kura elfu moja, mahali ambapo miaka mitatu kabla Rais alivuna karibu kila kitu. Wananchi wa Mbeere wamesema kwa karatasi ya kura yale ambayo wazee wetu wamekuwa wakiyasema kwa kunong'ona.

Sisemi kwamba Rais ameshindwa kabisa, wala siwashawishi watu wamkimbilie fulani. Nasema kwamba ahadi ni deni, na deni letu halilipwi kwa gari lenye bendera lililoegeshwa uani kwa mtu mmoja. Tunataka waliowateka watoto wetu watajwe na kufikishwa mahakamani. Tunataka mkulima apimiwe mchango wa afya kwa kadiri ya msimu wake. Tunataka masoko ya miraa na muguka yatafutwe kwa bidii ile ile inayotumiwa kutafuta kura.

Wazee wa Njuri Ncheke hawaulizi mshtakiwa ni wa ukoo gani kabla ya kusikiliza shauri. Atakapokuja mgeni kutuomba kura Agosti 2027, nasi tusimwulize amempa nani cheo. Tumwulize watoto wetu wamelala wapi.