Wosia kwa Lugha ya Mwenye Kuusia

Mwanafunzi wa fasihi akitajiwa wosia, hukumbuka Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka wa 1858: mama mgonjwa akimuusia bintiye. Wakili akitajiwa neno lilo hilo, huwaza karatasi yenye sahihi. Wosia wa kwanza hufundishwa kwa Kiswahili. Wa pili, unaoamua nani atarithi shamba, aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, hata kama mwenye shamba hakijui.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, inakubali hata wosia wa mdomo, mradi utamkwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji afariki kabla ya miezi 3 kupita. (Askari aliye vitani ana masharti yake.) Mzee atakayejaliwa miaka 10 zaidi hawezi kutegemea maneno aliyoyasema sebuleni. Hana budi kuuandika wosia wake, na huenda akamwendea wakili.

Akifika huko husomewa kurasa ambazo ndani yake anatambua majina ya wanawe tu. Hupewa karatasi akaitie sahihi nyumbani, na maelekezo yake nayo ni ya Kiingereza. Jioni humwita kitinda mimba awe shahidi, kwa kuwa ndiye anayemwamini. Kumbe sheria hiyo hiyo hubatilisha alichoachiwa shahidi, isipokuwa pawe na mashahidi wengine wawili wasiohusika. Kijana amejinyima fungu lake kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna aliyemdanganya.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi. Dai hili ni dhaifu. Wasii, mrithi, hiba, wakfu na mirathi ni maneno ya kale, na katika mahakama za kadhi hayamshangazi mtu. Isitoshe, Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kinachopungua ni vielelezo: wosia wa mfano ulioandikwa kwa Kiswahili sanifu, ambao wakili anaweza kuufuata bila kuhofia utata. Wakili peke yake hawezi kuuandika. Mwanaisimu peke yake atakosea sheria. Idara za Kiswahili na vitivo vya sheria mara nyingi vimo katika chuo kimoja, lakini tasnifu kuhusu Mwana Kupona zinazidi kurundikana rafuni huku mzee akitia sahihi asichokisoma.

Kwa sasa, mzee huyo ana haki ya kumwambia wakili wake: nisomee kwa Kiswahili kwanza, ndipo unipe kalamu.