Adhabu Imfuate Mwenye Mashine, Si Dogo wa Mbao

Wasee, tuache kudanganyana. Kila serikali ikisema inapigana na kamari haramu, nani hutupwa kwa mariamu? Ni dogo aliyepatikana akitia mbao kwa mashine nyuma ya kibanda. Mwenye mashine haonekani. Hutuma mtu kuchukua pesa, na moja ikibebwa, analeta nyingine.

Mwaka wa 2018, Matiang'i akiwa waziri, mashine hizo zilichomwa hadharani. Tukapiga makofi. Moshi uliisha, biashara haikuisha.

Sasa tuna Sheria ya Kudhibiti Kamari ya 2025. Imechukua nafasi ya ile ya 1966, yaani ule mchezo wa ndege kwa simu yako ulikuwa unachungwa na sheria iliyotungwa kabla wazazi wetu wengi kuzaliwa. Poa. Lakini sheria mpya itauma nani?

Mimi nasema, adhabu ifuate pesa. Saiti isiyo na leseni haiwezi kula doo yako bila namba ya kulipia. Na serikali inajua kufunga hilo bomba. Julai 2019 iliagiza Paybill za kampuni 27 za kubeti zizimwe. Kabla mwaka kuisha, katikati ya vita vya leseni na ushuru, SportPesa na Betin zilikuwa zimefunga shughuli hapa. Kama majitu kama hayo yaliguswa, saiti ya uchochoroni inashinda nani?

Pili, sisi watu wa kontenti. Inboksi yangu haikosi ofa: weka linki, posti skrinshoti ya "ushindi", kula komishoni. Kuna wanaolipa asilimia ya kile wafuasi wako watapoteza. Yaani wewe ukilia, mimi nakula. Anayeitangazia saiti haramu apigwe faini inayozidi alicholipwa, la sivyo faini ni gharama tu ya biashara.

Mtu atasema, "Pesa ni yake, achague." Achague nini, kama ushindi anaoonyeshwa ni feki? Kampasi niliona HELB ya semesta ikienda kwa usiku mmoja. Ukiliwa na saiti isiyo na leseni wala ofisi, utamshtaki nani?

2027 mheshimiwa akija kuomba kura, usimuulize vijana wangapi wameshikwa. Muulize wenye mashine wangapi wamefungwa.