Mnatuonyesha Mng'ao, Vumbi Mmeficha Wapi?

Wasee, leo sina upole. Hizi video za "ng'arisha injini yako nyumbani kwa dakika moja" zimezidi. Unaona tapeti kava imejaa oili nyeusi na ule ukungu mweupe wa aluminiamu iliyozeeka. Video inakatwa. Mkono unapitisha kitambaa. Inakatwa tena. Kava inang'aa mpaka unajiona meno. Muziki unapanda, watu wanabonyeza moyo, na kesho yake kuna kijana Kaptembwa amefungua boneti ya gari la mzee wake akiwa na msasa mkononi.

Mimi hung'arisha vipande vya injini hapa Nakuru, nyuma ya ploti, na msimamo wangu ni huu: kile mnachokata kwenye video ndicho kazi yenyewe. Kung'arisha aluminiamu ni kazi ya vumbi: kulitoa, kulizuia lisipae, na kuliosha mpaka liishe. Mng'ao ni risiti tu. Ukinionyesha risiti bila kazi, unanidanganya.

Tuanze na injini. Unapanda na msasa hatua kwa hatua: 400, 600, 800, 1000, 1500. Kila namba inafuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, na ukiruka moja, mkwaruzo utakucheka juani. Halafu ndio unakuja na gurudumu la kitambaa na dawa ya kung'arishia. Kila hatua inaacha chembe za msasa na unga wa aluminiamu. Zinaenda wapi? Ndani ya tapeti kava nyingi kuna bati linalozuia oili isirushwe kwenye paipu ya kupumulia. Chembe zinapenda sana kujificha nyuma ya hilo bati. Ukirudisha kava bila kuosha huko nyuma, injini ikipata moto, oili inazibeba chembe moja kwa moja hadi kwa beringi za krenki. Beringi ni laini kwa makusudi. Chembe inajikita humo, inabaki ikisaga krenki polepole kama jiwe la kunolea kisu.

Manifoldi ya hewa ndiyo mbaya zaidi. Chujio la hewa liko mbele yake, kwa hivyo uchafu uliobaki ndani ya manifoldi umeshampita askari wa lango. Hakuna wa kuuzuia tena. Unaingia silinda, unakwaruza kuta, na baada ya muda gari linaanza kula oili. Mwenye gari atalaumu oili, atalaumu petroli, atalaumu fundi wa mwisho kuligusa. Hatamlaumu aliyeling'arisha, kwa sababu kazi yake bado inapendeza macho.

Sisi watu wa huku tungekuwa wa kwanza kuelewa haya. Wengi husema jina Nakuru limetoka kwa Wamaasai, maana yake mahali pa vumbi. Tulipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, lakini vumbi halikupewa notisi ya kuhama. Na ukishuka upande wa Gilgil, pale Kariandusi, kuna machimbo ya daiatomaiti, udongo mweupe mwepesi kama unga. Ni mabaki ya viumbe vidogo sana vya majini vilivyoishi ziwani zamani, na maganda yao ni silika. Udongo wa aina hiyo hutumika kuchuja vinywaji, na pia kung'arisha metali, kwa sababu unakwaruza taratibu. Yaani Bonde la Ufa lina dawa yake ya kung'arisha chini ya ardhi! Lakini fikiria vizuri. Kitu chenye uwezo wa kulamba metali mpaka iwe kioo, kikiingia ndani ya injini kitalamba huko pia. Na kikiingia kifuani mwako?

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Injini inanunuliwa nyingine. Kwa hizo video namwona kijana na grainda, chumba kimoja, dirisha limefungwa ili majirani wasilalamikie kelele, hana barakoa wala miwani. Kitanda kiko hapo hapo. Wengine wanapuliza mchanga wa mto kwa kompresa ili kutoa uchafu haraka. Vumbi la mchanga huo lina silika, na silika ikizoea mapafu inaleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Unga laini wa aluminiamu nao, ukijaa hewani na kupata cheche, unaweza kulipuka. Grainda ile ile iliyokata chuma asubuhi ndiyo inarusha cheche. Kuna pia wanaochovya aluminiamu kwenye kostiki soda. Inachemka, inatoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto, na inakula kipande chenyewe. Hiyo ndiyo mnaita "life hack"?

Kuna mwenye ataniambia, "Acha uoga, wazee wa jua kali wamefanya hivi miaka yote na bado wako." Unawaona waliobaki. Wale waliorudi ocha na kikohozi hawako garaji ili uwahesabu.

Mwingine atasema barakoa na maji ni mambo ya viwanda vikubwa. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, hata kwa muda tu. Haijaandika "isipokuwa nyuma ya ploti". Kama umemwajiri kijana wa mkono akusugulie manifoldi, mapafu yake yako kwa daftari lako.

Na nyinyi wateja msijifiche nyuma yangu. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, kila inapokaribia, wenye Subaru wanataka kufungua boneti Naivasha watu wapige picha. Sina shida na urembo. Kung'arisha nje hakuongezi hata farasi mmoja wa nguvu, lakini mtu ana haki ya kupenda gari lake, na injini safi inakuonyesha oili ikianza kuvuja. Shida ni bei. "Buda, si hiyo ni kupanguza tu? Chukua mia tano." Sikiliza. Tapeti kava moja hunichukua karibu siku nzima, na sehemu kubwa ya siku hiyo ni maji, sabuni, brashi ndogo na kupuliza kila tundu. Ukishusha bei, hakuna fundi atapunguza mng'ao, maana mng'ao ndio utauona. Atapunguza kuosha. Umelipa nusu ya bei, ukanunua injini inayosagika.

Kwa hivyo, wenzangu wa kamera, nawadai vitu vitatu. Onyesheni msasa ukitumika na maji, nje, penye hewa, kwa sababu vumbi lililolowa halipai. Onyesheni barakoa ikiwa usoni, siyo shingoni. Na onyesheni kuosha: bati limetolewa, maji ya moto ya sabuni, kitambaa cheupe kimepitishwa ndani kikatoka cheupe. Kikitoka kijivu, rudia.

Itaharibu video? Itakuwa ndefu, ndio. Watu watapungua. Ila yule kijana wa Kaptembwa atajua anaingia kwa kazi gani kabla hajafungua boneti ya mzee wake. Kama huwezi kumpa hizo dakika tano za ziada, usimwambie ni kazi ya dakika moja.